Kiti cha Mama Mkwe

Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga soko la mifugo la Isiolo amemsikia Yattani kabla ya kumwona. Ana lori la kubeba ng'ombe na mbuzi, na sauti aliyopewa ingemtosha mwenye malori kumi. Akianza kuitana na wapakiaji wake, mimi huacha kupima kitambaa dukani kwangu nikidhani watu wanapigana. Tumekuwa majirani hapa Chechelesi tangu aoe, na sijawahi kumwona akikosa neno la kumwambia polisi, dalali wala imamu.

Ila kuna mtu mmoja. Mama mkwe wake akitokea kwenye kona, Yattani anakuwa bubu. Atavuka barabara bila kutazama bodaboda zinazokuja, au atajibanza nyuma ya ukuta wa watu mpaka apite. Siku moja aliingia dukani kwangu mbio, akajichimbia katikati ya madera yaliyoning'inia, jasho likimtoka. Nikamwuliza ni nani anayemfukuza, akanionyesha nje kwa kidevu. Alikuwa ni bibi mmoja mwembamba wa Kulamawe, anapita polepole na kikapu chake.

Kwa Waborana wa pande zetu, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Yattani hali chakula mbele ya mama wa mkewe, hamtazami usoni, haongei naye ila kupitia mtu mwingine, na jina lake halitamki kabisa. Bibi naye humrudishia heshima hiyo hiyo. Miaka yote hii jina la Yattani halijamtoka mdomoni; kwake ni "mtu wa Abiba", yaani mume wa binti yake, basi. Mji mzima humwita bibi huyo Mama Ganya, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata mimi niliyemuuzia shuka kwa miaka sikujua jina lake lingine. Sisi Wasomali tuna adabu zetu za ukwe, lakini hii ya Yattani nilikuwa naicheka waziwazi, mbele yake. Alikuwa ananiambia, "Cheka tu, Istar, wewe huna shida."

Kisha Abiba akaugua. Abiba ndiye mke wa Yattani, na alikutwa na uvimbe kichwani. Alilazwa Nairobi, madaktari wakapanga siku ya kumpasua, na yeye ambaye hajawahi kuogopa hata fisi akasema haingii chumba cha upasuaji mpaka mama yake amwekee mkono kichwani na kumwombea dua. Walimbembeleza, wakamkaripia, akakataa. Daktari alimwambia Yattani kwa simu kwamba siku hiyo ikipita, hajui nyingine itapatikana lini, na uvimbe haungoji mtu.

Na mwaka huo mvua ilikuwa imeikata barabara ya Nairobi vibaya. Magari yalilala njiani, lori la Yattani likiwa mojawapo. Ganya, ambaye ndiye angefaa kumsindikiza mama yake, alikuwa mbali na ngamia, simu haishiki. Ikabaki ndege, na akabaki Yattani.

Nilikuwa na safari yangu ya kwenda kununua nguo za Idi, kwa hiyo nilimkuta kwenye ofisi ya kampuni ya ndege akikata tiketi. Jina la bibi hakulitaja. Alimpa msichana wa tiketi kitambulisho kikiwa kimefungwa kwenye leso, akageuza uso wakati msichana anaandika.

"Mimi nipatie kiti ya mbele kabisa," akasema. "Yeye mpatie ya mwisho kabisa."

"Kwani mmekosana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Msichana alicheka, na mimi nikacheka. Aliwapa viti hivyo, na Yattani akazikunja zile tiketi kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu.

Siku ya safari ndege iliyotua haikuwa ile tuliyoambiwa. Ilikuja kijidege ambacho mtu mrefu angekipapasa mgongoni. Kijana wa kampuni, Mawira, alisimama mbele yetu na simu mkononi, akasema ile kubwa imeharibika, hii haitatosha watu wote, watakaobaki wataenda Alhamisi. Tukaanza kupiga kelele. Mtu mmoja aliyejua mambo akamwuliza kama hata hiyo kubwa ingetutosha. Mawira akakohoa. Akakiri kwamba hapana, tiketi zilikuwa zimeuzwa kuliko viti.

Nilishtuka mpaka nikasahau kukasirika. Mimi nilidhani kiti ukishakilipia ni chako.

"Inawezekanaje?" nikamwuliza. "Nikiuza dera moja kwa wanawake wawili, si watanirarua?"

"Mama, ndege ni hivyo kila mahali. Kuna watu huwa wanalipa na hawakuji."

"Na leo?"

"Leo wamekuja wote."

Alilisema bila aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniacha mdomo wazi. Akaongeza kwamba namba za viti hazina kazi tena, atakayeitwa ataingia na kukaa anapopata. Hapo nikamtazama Yattani. Uso wake ulikuwa umepauka. Kwenye kidege kile hakukuwa na mbele wala nyuma ya kutenganisha watu, magoti ya abiria mmoja yalikuwa mgongoni mwa mwingine. Akaninong'oneza kama rubani anaweza kumruhusu asimame. Nikamwambia ndege si lori.

Mama Ganya hakuwa ukumbini. Tangu alipofika alikwenda nje, akakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, akatugeuzia mgongo, mtandio umemfunika mpaka puani, ili mkwewe atembee kwa uhuru. Kwa hiyo Mawira alipoanza kusoma majina kwa ile sauti yake ya ofisini, bibi hakusikia kitu. Yattani naye alikuwa kwenye mizani, anabishana juu ya mkoba wa nguo za Abiba. Mimi nilikuwa nimesikiliza jina langu tu, kama kila mtu. Mengine yalinipita.

Nikaitwa, nikapitishwa upande wa pili wa kamba iliyotenga waliopata viti. Yattani akaitwa mwisho kabisa, akaja mbio na mkoba. Mawira akatangaza kwamba ndege imejaa.

"Kuna mwingine," Yattani akasema. "Tuko wawili."

"Wewe ndio uko ndani, mzee. Kama mwingine aliitwa na hakuitika, ametoka. Ataenda Alhamisi."

Alhamisi. Upasuaji ulikuwa alasiri ile ile tuliyokuwa tunasafiri.

Yattani hakufikiri sana. "Basi mpatie kiti yangu. Mimi nabaki."

"Sawa. Anaitwa nani?"

Yattani akauhamishia mkoba mkono wa pili.

"Ni mama ya bibi yangu," Yattani akasema.

"Hiyo si jina, mzee."

"Mama Ganya."

Mawira akaipekua simu. "Hapa hakuna Mama Ganya. Niko na majina ya kitambulisho, na wamama wametoka wengi."

"Kitambulisho iko na yeye. Ngoja nitume mtu."

"Hakuna kungoja. Unaona hayo mawingu? Rubani ameshawasha." Kweli, propela ilikuwa imeanza kulia. Pembeni alisimama bwana mmoja wa suti, mkandarasi, aliyekuwa ameachwa kwenye majina na alitaka kiti chochote. "Mzee, kama unaacha kiti, unipe jina sasa. Ama nipatie huyu."

Nilijitia mbele nikamwite bibi mwenyewe. Erot, askari wa Kiturkana aliyesimama kwenye kamba, akanizuia kwa mkono na kusema nikitoka sirudi ndani, ndiyo amri aliyopewa. Nikamgeukia kila mtu ukumbini nikiuliza kama kuna anayejua jina la Mama Ganya. Walikuwapo Waborana kadhaa, watu wazima, wanaomfahamu bibi toka Kulamawe. Wote walitazama chini. Kama walilijua, hawakutaka kulisema mbele ya mkwewe, au walitaka kumwona atafanya nini.

Mkandarasi akainua begi lake.

Yattani akageukia ukuta. Akaliweka paji la uso kwenye saruji, na nikaona midomo yake inacheza. Sijui kama alikuwa anaomba au alikuwa anajaribu kulisema lile jina ndani kwa ndani, lione njia.

"Sijasikia," Mawira akasema. "Ongea kwa nguvu."

Na Yattani akaongea kwa nguvu. Aliitoa ile sauti ya sokoni, yote.

"Darmi Halake Boru."

Mzee mmoja wa Kiborana alijifunika masikio kwa viganja, amechelewa tayari, akatoka nje bila kumtazama mtu. Mwanamke mmoja alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Erot aliangalia viatu vyake. Mimi niliyecheka miaka yote hiyo nilimwonea Yattani huruma ambayo sikuwahi kumwonea mtu mzima. Ni kama nilimwona amevuliwa nguo mbele ya watu.

Mawira peke yake hakuelewa chochote. "Sasa si ungesema hivyo toka mwanzo," akasema, akibonyeza simu.

Kwenye tangi la maji, bibi alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia, angekosaje kusikia. Alikaa hivyo kidogo, mtandio ukipigwa na upepo, kisha akaja. Aliingia ukumbini akampita Yattani karibu kabisa, na Yattani akazidi kujibana ukutani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mawira akatazama kitambulisho, akaniambia nimshike mkono mama, nikamshika. Ulikuwa baridi.

Ndani ya ndege tulikaa pamoja. Hakuwa amewahi kupanda ndege, lakini sidhani kama alijua kwamba tumepaa. Alitazama mbele tu. Mimi nilikuwa na hofu ya kila aina. Nilijiuliza kama sasa atamkataa mkwe wake, kama atamwita Abiba arudi nyumbani kwao, kama Yattani atatozwa faini mbele ya wazee wa Kulamawe na kuimbwa nyimbo za kumsuta kwenye visima vya mifugo. Neno alilosema njia nzima lilikuwa moja.

"Abiba atanigoja?"

Nikamwambia atamngoja, ingawa sikuwa na hakika.

Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, nguo za Idi nikaziacha. Tulimkuta Abiba yuko kwenye kitanda cha magurudumu, kichwa kimenyolewa, na amekishika chuma cha mlango asisukumwe. Muuguzi alikuwa ameshachoka kumwambia auachie. Mama yake alikwenda moja kwa moja, akamwekea kiganja kwenye kile kichwa kitupu, na dua ikaanza kwa sauti ya chini. Abiba akauachia mlango.

Walipomaliza, Abiba akafumbua macho akatafuta nyuma yetu. Leo ni mzima na anapenda kunikumbusha kila kitu cha siku ile, lakini mambo haya niliyaona mwenyewe.

"Nani amekuleta, Aayo?" akamwuliza mama yake. "Ganya amepatikana?"

"Hapana."

"Ni nani basi?"

Bibi aliusogeza mtandio ukatoka mdomoni. Nilidhani atasema ni mimi, na nilikuwa tayari kuitikia.

"Ni Yattani," akasema.

Abiba aliinuka kwa viwiko mpaka muuguzi akamshika bega. Alinitazama mimi kwanza, kuhakikisha kwamba hata mimi nimesikia, kisha akamtazama mama yake kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Aayo, umesema nani? Hebu sema tena."

"Lala chini," mama yake akamwambia. "Mara moja inatosha."