Mkwe Asiyemtazama Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa fahari ingawa niliaibika. Nilikuwa nimerudi nyumbani Nkunga kutoka Tunduma, furushi la mitumba begani. Shule niliiacha darasa la sita. Miguu yangu ilitaka kujua barabara inaishia wapi. Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza, nami nikaanza kuiona dunia yote kama soko. Niliamini hata anayekuchekea ana kitu anakuuzia.

Nikamkuta baba kitandani, upande mmoja umepooza. Aliyemtunza ni Sekela, binti wa jirani, ambaye shangazi yangu alikuwa amemwomba. Alikuwa na haya huyo! Ukimsalimia anaitikia huku akitazama migomba. Lakini akiwa na baba haya zilimwisha: alimwogesha, alimgeuza, alimnyoa ndevu, na akikataa uji alimgombeza.

Nikamuuliza, “Dada, shamba la chai la mzee unalitaka lote au nusu?”

Alikamua kitambaa, kisha akasema taratibu, “Kaka, shika huo mguu nibadilishe shuka.”

Nikashika. Nilikuwa mtu mzima, na sikuwahi kumshika baba yangu mguu.

Nilisema nitakaa wiki moja, nikakaa miezi. Unanijua kwa maswali: kwa nini kisigino kinawekewa mto, kwa nini kijiko kidogo na si kikubwa? Sekela alinijibu yote akiwa ameinama. Nikaanza kutamani ainue uso. Mwishowe nikamtuma shangazi akaniposee.

Jibu likaja: hapana.

Nikajiambia, nilijua tu, kuna mwalimu wa Kawetele mwenye mshahara. Nikamfuata uani alikokuwa akianika shuka, shangazi naye yuko pale anamenya ndizi. “Sema tu umepata mwenye mshahara,” nikamwambia.

Ndipo akainua uso.

“Umezunguka mpaka Tunduma, kaka, mila za kwenu umezisahau? Nikichumbiwa na wewe, baba yako ni mkwe wangu. Sitamtazama tena usoni, sitaingia chumbani mwake. Nani atamwogesha? Wewe?”

“Huyo?” shangazi akacheka. “Huyo hata mbuzi hajawahi kumwogesha!”

Ndivyo ilivyo kwetu: mke wa mtoto hukaa mbali na baba mkwe, na akikutana naye njiani hujificha. Vijana wa Tukuyu mjini walishaanza kuicheka mila hiyo. Baba yangu hakuicheka, na Sekela hakutaka kumvunjia heshima mtu asiyeweza hata kuinuka. Alikuwa akinikataa kwa ajili ya baba yangu mwenyewe, nami nilikuwa nimemzulia mchumba, mwalimu wa Kawetele.

Nikasema, “Mimi nitamwogesha.”

“Tutaona,” akasema, akarudi kwenye haya zake.

Msimu mzima wa mvua alinifundisha. Baba alilalamika kwamba nina mikono ya kupakia viazi. Nilimwaga maji, nilimchubua kwa wembe, siku moja nilitoka nje kutapika kisha nikarudi. Sekela hakunisifu. Ila asubuhi moja alikaa pembeni, akanitazama nikimaliza kila kitu peke yangu, akaenda kwa shangazi. “Mwambie aje kuniposa tena.”

Nikaposa, akakubali, na tangu siku ile hakuvuka tena mlango wa baba. Alisimama nje ya dirisha, kanga usoni: “Umemgeuza? Kisigino umekitazama?” Na baba kutoka kitandani, kwa ulimi wake mzito: “Mwambie mkwe wangu kwamba huyu mwanafunzi wake leo kaniunguza kwa maji!”

Baba aliishi hivyo miaka mingine kadhaa. Alipokufa, wazee waliokuja kumwandaa walimgeuza, hawakuona kidonda hata kimoja mgongoni. Nimekwenda mbali, mwanangu, nimefanya biashara nyingi, lakini mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, namjibu hilo.

Kwa hiyo ukimwona mtu anatenda wema kimya kimya, usikimbilie kumwuliza anataka nini. Na ukimpenda mtu mwenye mgonjwa mikononi, jifunze kwanza kumtunza mgonjwa huyo, ndipo umtume shangazi yako. Ukikataliwa, uliza sababu kabla hujaitunga mwenyewe.

Mungu akujalie mikono isiyoona kinyaa, na siku utakapolala wewe, akupe wa kukugeuza.