Futa Zote, Dia

Jumamosi nilikuwa saluni huku mtaani Rhonda, masikio wazi kama kawaida yangu. Msichana wa chuo alikuwa akilia. Akaunti isiyo na sura inamwandikia jumbe za matusi mtandaoni, na Jumatatu harudi darasani.

"Futa zote, dia," rafiki yake akambembeleza, mkono tayari kwenye simu ya mwenzake. "Ati meno yako ni chai ya rangi! Si maji ya hapa yametuchoma meno sisi wote yakawa kahawia?"

Msichana akaacha kulia. "Hiyo ya chai ya rangi ilikuja inboksi. Sijaonyesha mtu."

Rafiki akaanza kutafuta kitana sakafuni.

"Usifute, msichana wangu," nikaingilia bila kuulizwa. "Zipige picha zote, Jumatatu uende nazo chuoni."

Siku hizi mtu akinipa pole haraka, namtazama vidole kwanza.