Mluzi wa Kaka Yangu

Kaka yangu alichunga kondoo wa watu mlimani miaka thelathini na nane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpigia mbwa kelele. Hilo ndilo jambo pekee alilojisifia, maana mengine ya kujisifia hakuwa nayo: mke alimkimbia mapema, nyumba hakujenga, na kondoo wenyewe hawakuwa wake. Kule juu upepo unakula maneno, alikuwa akisema, ukipaza sauti unajichosha bure. Kwa hiyo mbwa wake aliwafundisha kwa mluzi. Mluzi mrefu, mbwa anazunguka kushoto. Miwili mifupi, kulia. Na ule unaoshuka taratibu mwishoni, mbwa analala chini papo hapo, hata awe ng'ambo ya bonde. Aliupiga kwa ulimi na meno mawili ya mbele, na meno yenyewe, Mungu anisamehe, yalikuwa meusi kama mbegu za papai.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Mtaa mzima unajua. Kaka alipoteleza kwenye mawe akavunjika nyonga, na mwenye kondoo akauza kundi lote, nilimchukua kwangu. Nina vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji sita, uwanja wa saruji katikati, bomba moja la maji. Alikuja na mkongojo, mfuko wa nguo, na Kifagio.

Kifagio alikuwa mbwa wa miaka minne, mwili mdogo, manyoya marefu ya kijivu yanayofagia chini na kumfunika macho usijue anatazama wapi. Wapangaji walidhani ni mbwa wa kupambia sofa. Thubutu! Mbwa wa aina ile anazaliwa na kazi mwilini. Mlimani alikimbia kutwa nzima, na jioni bado anakutazama kama anauliza kazi itaanza lini. Ukimnyima kazi, anajitafutia. Siku ya tatu tuliamka tukakuta viatu vyote vilivyoachwa milangoni vimekusanywa kwenye kona ya bomba, na yeye amejilaza mbele yavyo akivilinda. Karani wa chumba cha chini alichelewa ofisini akitafuta mguu wa pili. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kaka hakucheka. Alielewa kwamba mwenzake anateseka. Akaenda kwa mama mjane wa chumba cha mwisho, akaomba kuku wake saba, na kuanzia hapo kila asubuhi alikaa kwenye kiti uwanjani akipiga mluzi, Kifagio akiwahamisha kuku upande huu, kisha upande ule, polepole, bila kumgusa hata mmoja. Saa nzima. Alisema mbwa huyu kichwa kikichoka ndipo miguu nayo inatulia. Yule mama alilalamika kwamba kuku wake wamekuwa na adabu kupita watoto wake, lakini hakuwafungia.

Sasa nije kwenye langu. Binti yangu alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa nawaza picha. Mjomba wa bibi harusi, amesimama mstari wa mbele, acheke na meno yale? Nikamkalia kooni Kaka aende kwa daktari wa meno. Akaniuliza swali moja tu: "Na mluzi je?" Nikamcheka. Nikamwambia mjini hapa atampigia nani mluzi, wasichana? Akacheka na yeye, mkono mdomoni. Nilimshikilia mwezi mzima mpaka akakubali. Waling'oa yale mawili na mengine manne, wakamwekea ya bandia. Kwenye picha anang'aa, watu waliuliza yule bwana ni nani. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Asubuhi ya kwanza aliyotoka uwanjani na meno mapya, ulitoka upepo mtupu. Kifagio alisimama mbele ya kuku, kichwa upande, akingoja. Kaka akayatoa meno, akajaribu kwa fizi. Mate. Nikanunua filimbi ya refa, mbwa akaibwekea. Kumwita kwa jina haikusaidia, kwa sababu kwa Kifagio sauti ya Kaka ilikuwa ya kuitiwa chakula na kusifiwa basi. Alikuja mbio, akamlamba mkono, akarudi kusimama palepale. Wiki nzima alisimama vile.

Halafu akajipa kazi mwenyewe. Akaanza kuwachunga watoto pacha wa karani. Aliwazunguka, akawasukuma hadi kwenye bomba, na yule wa kike alipochoropoka akamng'ata kisigino, kama wanavyofanya kwa kondoo mkaidi. Damu kidogo, kilio kikubwa. Mwenye nyumba akatoa wiki mbili: mbwa apate pa kwenda, au apigwe sindano ya kumuua.

Karani mwenyewe, kwa huruma yake, ndiye aliyetupatia mfugaji, mtu mwenye kondoo mia mbili kwenye vilima nje ya mji. Mfugaji alisema hana shida na mbwa mwenye meno, ana shida na mbwa asiyesikia. Aletwe, ajaribiwe, akisikia atabaki siku hiyo hiyo.

Tulikwenda. Kifagio alipowaona kondoo alitetemeka mwili mzima, nikadhani ni baridi. Kaka akamwachia. Mungu wangu, mbwa yule alikimbia! Alizunguka kwa mbali, akawakusanya wote mia mbili bila mmoja kubaki, akaanza kuwaleta. Mfugaji alitabasamu. Kisha kila hatua chache Kifagio akawa anageuka kumtazama Kaka, anangoja kuambiwa. Kaka alikuwa ametoa meno, ameyashika mkononi, anapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kitu. Kifagio hakusimamishwa, basi hakusimama. Akawaleta kondoo hadi kwenye ua wa waya, akazidi kuwasukuma, wakapandana, mmoja akavunjika mguu.

"Mzee, mbio anazo, sikatai," mfugaji alisema. "Lakini hasikii."

"Anasikia," Kaka akajibu. "Mimi ndiye siwezi kumwambia."

Nilimwomba mfugaji, mimi nisiyemwomba mtu. Nikaeleza habari za meno, nikasema kosa ni langu. Alinisikiliza vizuri tu. Akasema kondoo wake wanakaribia kuzaa, hawezi kukaa na mbwa wa kufundishwa upya. Wengine wote tuliowauliza walikuwa wamekwisha sikia habari ya kisigino. Wiki mbili zikaisha.

Kwa daktari wa mifugo, Kifagio alikataa kulala juu ya meza. Si kwa ukali. Alikuwa anataka kushuka, amesikia mbuzi wa mtu wanapita nje. Daktari akamwomba Kaka amtulize. Kaka akainama, akasogeza manyoya ya mbwa, akaweka midomo sikioni kabisa, akapuliza. Ulikuwa upepo tu, mrefu, ukishuka taratibu mwishoni. Kifagio akalala chini papo hapo, kidevu juu ya miguu, akimtazama Kaka aone kama amefanya sawa.

Alikuwa amefanya sawa. Kaka alimwambia hivyo kwa sauti, mara nyingi, mpaka daktari akamgusa bega.

Tulipofika nyumbani Kaka alitoa meno mdomoni, akayafuta kwa leso, akaniwekea kwenye kiganja.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Harusi imekwisha."

Hajayavaa tena. Ninayo kwenye droo ya cherehani, na kila nikitafuta sindano nayaona.