Mtu Aliyekuwa Akiuawa Ndani ya Kanda

Ndani ya kanda ya redio ya ami yangu kulikuwa na mtu anayeuawa. Dada yangu ndiye aliyeniambia, nami niliamini kuliko nilivyoamini kuwa kutakucha. Mpaka leo nikinusa plastiki ya redio iliyopata moto, sikio la kushoto linaniwaka.

Ami alirudi nayo kutoka Maskati. Kila Ijumaa, pilau ikishashuka, aliiweka kwenye redio akafumba macho. Kwanza mmoja analia, sauti nyembamba ya kupasua vikombe kabatini. Halafu jeshi zima linamvamia kwa ngoma na matarumbeta, kishindo cha kutikisa Bagamoyo hadi Makurunge. Yule mmoja ananyamaza kidogo, kisha analia tena.

"Unamsikia?" dada alininong'oneza. "Leo haponi."

Nilibeba mchi wa kinu, nikaiponda redio mpaka utumbo wa kanda ukamwagika sakafuni.

"We mtoto! Umepandwa na shetani?" Ami alinikamata sikio, akalisokota kama anakamua nguo.

"Namtoa, ami! Wanamuua!"

Vidole vyake vikalegea. Aliutazama ule utepe, akanitazama mimi.

"Huo ni muziki wa Kizungu tu, mwanangu. Anayelia ni fidla, na wale wengine wanaisindikiza."