Beji za Nguzo ya Tatu

Siku nilipotetea tasnifu yangu, mjumbe mmoja wa jopo, ambaye muda wote alikuwa akisafisha miwani, aliniuliza hivi: mpango wa taifa wa biashara na haki za binadamu ukipitishwa Kinshasa asubuhi, ni nani hapa Kivu Kusini atakayeutambua mchana? Nilimjibu kwa kumrejesha kwenye tanbihi. Alama nilizopewa zilikuwa nzuri, lakini swali lile lilinishika kama homa isiyopanda wala kushuka. Tangu hapo, kila nikutanapo na maneno "mtekelezaji: wizara husika", mikono hunitetemeka, nami huiweka karatasi mezani ili isionekane ikicheza.

Licha ya kutetemeka huko, shirika moja la mjini liliniajiri kuandaa warsha ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya rasimu ya mpango huo. Mpango wenyewe una nguzo tatu: serikali ilinde, kampuni ziheshimu, na aliyedhulumiwa apate nafuu. Nguzo ya tatu ndiyo niliyoiandikia tasnifu. Aliyedhulumiwa pia nilimjua, kwa kuwa ni dada mkubwa wa mama yangu.

Mama mkubwa analima Mumosho, juu ya mto Ruzizi. Kampuni ya kuponda mawe ilikuwa imezungushia mabati eneo lake la kazi, na njia ya kwenda kwenye chemchemi ya kijiji ikabaki ndani ya mabati hayo. Wanawake wakaanza kushuka kwa mteremko hadi mtoni. Kiangazi mteremko ule hupitika. Mvua zikianza, huwa sabuni. Goti la mama mkubwa lilikwisha kuumia hapo mara moja. Alitaka njia ya chemchemi ifunguliwe kabla ya mvua, wala hakuwa na ombi lingine kwa taifa lake.

Nilimwalika yeye na majirani zake, kisha nikajifungia na tatizo la beji. Washiriki wote walipaswa kuvaa beji yenye bendera, na chini ya bendera, neno la kuwatambulisha. "Mwathirika" lingehukumu kabla ya ushahidi. "Mlalamikaji" lingeifukuza kampuni, ambayo nayo tulikuwa tumeialika. "Mwanajamii" halikumtofautisha yeyote na yeyote. Baada ya kutafakari kuliko nilivyotafakari sura ya nne ya tasnifu, niliandika: Mdau wa Mpango wa Taifa. Hivyo mama mkubwa na mwakilishi wa kampuni iliyomfungia maji wakaning'iniza shingoni neno moja, kwa kamba ya rangi moja. Usawa mbele ya sheria, niliousoma kwa miaka, ndipo nilipouona umekamilika.

Warsha ilifunguliwa kwa sala, ikafuata hotuba ya kukaribisha, halafu hotuba ya kushukuru kwa hotuba ya kukaribisha. Zamu ya mama mkubwa ilipofika, alisimama akishikilia kiti.

"Miye niko naomba kitu moja tu. Njia ya kisima ifunguliwe mbele ya mvua. Njo ile tu, basi."

"Merci sana, maman," alisema mratibu wetu. "Hiyo ni mchango muzuri kabisa."

Kisima kwao ndiyo chemchemi, nami niliandika ubaoni: *Njia ya chemchemi ifunguliwe kabla ya mvua.* Kikundi cha kazi kikaichukua sentensi hiyo na kuisafisha. Kabla ya chakula ilikuwa imekuwa "changamoto za upatikanaji wa maji". Baada ya chakula, mwakilishi wa kampuni alipendekeza neno "mazungumzo", mtu mwingine akaongeza "endelevu", na jioni ikasomwa hivi: "Kuhimiza mazungumzo endelevu baina ya wadau." Mratibu akauliza kama tunapitisha kwa makofi, kama ilivyo desturi ya warsha zetu. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mama mkubwa alipiga kwa nguvu.

"Mama mukubwa," nilimnong'oneza, "umesikia kisima mule?"

"Hapana."

"Sasa unapiga makofi ya nini?"

"Batu bote banapiga, miye nifiche mikono kama mulozi mwenye uchawi mukononi?"

Aliondoka na beji yake, majirani zake nao na zao. Beji zilipaswa kurudishwa, lakini sikupata namna ya kumnyang'anya mtu kitu pekee alichopata.

Mvua zilipoanza nilijilazimisha kwenda Mumosho. Nilibeba rasimu iliyosahihishwa, na njiani nilijizoeza jinsi ya kumweleza kwamba "mazungumzo endelevu" ni hatua, hata kama haichoteki kwa bidoni, dumu letu la maji. Nilipofika kwenye mabati, lango lilifunguka. Mama mkubwa akatoka ndani, bidoni ya njano mgongoni, beji kifuani, akifuatwa na majirani wawili waliovaa zao. Mlinzi aliwashikia lango.

"Ba maman ya Mpango! Mission inaendelea?"

"Inaendelea, papa. Tulikuwa tunachunguza maji."

"Na maji inasema nini?"

"Inasema iko baridi. Kesho tutarudia kuangalia kama haijabadilika."

Mlinzi alicheka. Katika nchi hii, mtu mwenye beji yenye bendera huwa yuko kazini, na mlinzi mwenye busara hamuulizi kazi gani. Nami nikasogea ili nipite nikaione hiyo chemchemi.

"Weye, beji iko wapi?" mlinzi alinizuia.

Beji yangu ilikuwa ofisini, ndani ya mtoto wa meza. Nilimwonyesha rasimu, nikamweleza kuwa nguzo ya tatu, yenye kuhusu jambo hili hasa, ni mimi niliyeiandikia maelezo.

"Karatasi kila mutu iko nayo," alinijibu kwa upole.

"Muache apite, papa," mama mkubwa alisema. "Ni mutoto yangu. Anasomea haya mambo."

"Anasomea, sawa. Lakini hana beji."

Lango likafungwa. Tulirudi nyumbani mvua ikitupiga, na mama mkubwa aliipangusa beji kwa kitambaa chake. Wino ulikuwa umeanza kuvuja. Bendera ilibaki, ila neno "Taifa" lilikwisha kuwa doa la buluu.

"Hii haitafika mwisho wa mvua," alisema. "Utatutengenezea ingine? Na mujirani wangu wa kule juu, iko na mimba, yeye bado anashuka Ruzizi."

Usiku ule sikulala vizuri. Kuchapisha beji bila warsha ni kughushi. Hilo sikuwa na shaka nalo. Kuandaa warsha ili kuchapisha beji, kwa upande mwingine, ni utaratibu. Nililitafakari upande wa maadili, nikalirudia upande wa sheria, kisha nikaandika ombi la "warsha ya ufuatiliaji". Mratibu aliliridhia bila kubadilisha hata mkato. Kwa beji nilichagua plastiki ngumu isiyopitisha maji, nikaeleza kwamba ni kwa ajili ya uendelevu.

Asubuhi ya warsha wanawake wa Mumosho walifika wa kwanza, na jirani mwenye mimba alikuwa kati yao. Walivaa beji, wakasimama kwa sala ya ufunguzi, kwa sababu sala haikatizwi. Tulipoitikia amina, mama mkubwa alinipungia mkono, wakatoka wote kuziwahi pikipiki za Mumosho.

Mratibu alitazama safu ya viti vitupu, akanijia akiwa amekunja uso.

"Wadau wako wapi?"

"Wako kwenye utekelezaji," nilimjibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka neno hilo bila mikono kutetemeka.