Hilda wa Masjala

Kunegunda alikuwa hakai. Tangu asimamishwe kazi, majirani zake wa Majengo, Songea, walimwona akifagia uani asubuhi, akifagia tena adhuhuri, kisha akasimama mlangoni ameshika ufagio anangojea vumbi lirudi. Chai alikunywa amesimama. Kanisani alikaa benchi la mwisho apate kutoka upesi, ingawa hakuwa na pa kwenda. Serikali nayo ina mambo: ikikupenda inakuita mtumishi, ikikuchoka inakuuliza cheti.

Na cheti alikuwa nacho. Cha kidato cha nne, kina muhuri, na ufaulu wake si wa kuonea haya. Ila kiliandikwa Hilda.

Kijijini kwao enzi zile aliyefeli darasa la saba hakuruhusiwa kurudia. Walimu walikuwa na njia yao, na wazazi wote waliijua: mtoto akiacha shule, jina lake halifutwi, hupewa mwingine anayetaka kurudia. Darasani mle waliokuwa na majina ya kuazima walikuwa wengi. Kunegunda akaambiwa yupo Hilda mmoja ameacha shule, anakwenda kuolewa, achukue hilo. Akafaulu kwa Hilda, akamaliza sekondari kwa Hilda, akaajiriwa karani wa masjala, kule yanakotunzwa majalada ya ofisi. Kwa miaka na miaka wakubwa kwa wadogo walimwita dada Hilda.

Uhakiki wa vyeti ulipofika, watumishi waliambiwa waongeze na cheti cha kuzaliwa. Wajanja walijua la kufanya. Yeye, kwa moyo mweupe, akapeleka cha kwake cha kweli, Kunegunda, kwa kuwa kwao kurudia kwa jina la mtu hakukuwa kosa hata la kumwambia padri kwenye kitubio. Mwajiri akasema: cheti ni cha Hilda, wewe si Hilda, basi kidato cha nne huna. Na karani asiye na kidato cha nne hatakiwi. Akaondolewa.

"Mtihani nimefanya mimi!" alimwambia Romanus, wakili wake, huku akizunguka meza yake. "Kichwa kilichojibu maswali ni hiki."

"Kichwa hakigongwi muhuri, dada. Hebu keti."

Hakuketi. Romanus akamweleza hivyo hivyo akiwa wima: rufaa itasimama kama mwenye jina ataapa kwamba aliacha shule kwa hiari yake na hakulitumia tena jina lile. Asipopatikana, kesi haipo. Akamwandikia kiapo, pakabaki pa kutia sahihi tu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kunegunda aliuliza ndugu, akauliza jamaa wa ndugu, hadi akaambiwa kwamba Hilda aliolewa Tunduru, akasilimu, sasa ni Ashura, yuko Namasakata. Kesho yake alfajiri alikuwa ndani ya basi, na kutoka Tunduru mjini akachukua bodaboda.

Alimkuta uani anaanika korosho, mwanamke wa rika lake, anachechemea kidogo.

"Hodi, dada."

"Karibu, mgeni. Pita kwenye mkeka."

Kunegunda alisema shida yake hata maji hajaletewa. Ashura alisikiliza, akafuta mikono kwa kanga, akaipokea karatasi na kuisoma. Alisoma vizuri, midomo bila kutikisika, akafika mahali akasimama.

"Kwa hiari yangu," alisema. "Nani kasema?"

"Mwalimu alituambia unaolewa."

"Mimi niliugua mguu, mama. Nililazwa hospitali. Niliporudi nilikwenda shule na fimbo yangu, nimechelewa, nikafika dirishani wanaita majina. Mwalimu akaita Hilda. Sijafungua mdomo, nikasikia mtu ndani anajibu, 'Nipo!' Nikarudi nyumbani. Kuolewa kulikuja baadaye, maana ningefanya nini?"

Kunegunda alitamani ardhi ipasuke. Sauti ile ilikuwa yake, na alikumbuka jinsi alivyojifunza kuitika upesi, kwa nguvu, asije mkaguzi akamshtukia. Dirishani hakuwahi kutazama.

"Sikujua, dada. Wallahi sikujua," alisema, Mkatoliki mzima, kiapo kimemtoka cha pale alipo.

"Najua hukujua. Ungejua ungekuja mapema." Ashura aliiweka karatasi gotini. "Sasa niambie. Alifaulu?"

"Nani?"

"Hilda."

Ikabidi Kunegunda amwambie. Kwamba alichaguliwa sekondari. Kwamba hesabu zilimtesa, Kiswahili alikipata sana. Kwamba ofisini alikuwa na meza yake, na siku ya wafanyakazi aliandamana na wenzake wamevaa fulana mpya. Ashura aliuliza rangi ya fulana. Aliuliza kama wakubwa walimheshimu. Kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa, akitabasamu, hadi Kunegunda akaona bora angetukanwa.

"Lete kalamu."

"Dada, ni uongo. Nilikuja sijui, sasa najua."

"Wewe una kazi ya kupoteza. Mimi nina nini?" Akaandika Hilda polepole, herufi zimenyooka kama za ubaoni. "Siku ile sikuacha. Leo ndiyo naacha shule kwa hiari yangu."

Kunegunda angeweza kuichana. Aliifikiria njia nzima, mkono umo mkobani unaipapasa, akawaza watoto wake, akawaza kodi ya nyumba, na Songea akaishusha mezani kwa Romanus.

Rufaa alishinda. Amerudi masjala, na wenzake walimpokea kwa vigelegele na soda. Lakini siku hizi mtu akiita "dada Hilda!" kutoka korido, haitiki mara moja. Hunyamaza kwanza kidogo, kama anayempisha mwingine aitike.