Tetea wa Mnada wa Walutheri

Jumapili nilipita Temeke, mbele ya chuo cha ualimu cha Walutheri, nikakuta mnada. Ibada imekwisha, na vitu vilivyotolewa sadaka vinauzwa uwanjani. Mwanachuo mmoja akanunua tetea mwekundu, akamrudisha palepale kwa mikono miwili. "Auzwe tena." Mama mmoja akamnunua, naye akamrudisha.

Nikamnong'oneza muuza kahawa aliyesimama karibu, "Kuku huyu mgonjwa. Hakuna mwenye akili anayelipa kisha akaacha mali yake."

"Ndiyo kutoa kwao, bwana," akanijibu. "Kila akiuzwa, sadaka inaongezeka."

"Haya. Na mwisho atamla nani?"

Mwalimu aliyemnunua mara ya tatu akaiona kanzu yangu, akanijia moja kwa moja. "Shikamoo, mzee. Huyu ni wako. Nakupa akiwa hai, ukamchinje mwenyewe."

Hapo ndipo nilipozidi kushtuka. Alijuaje kwamba nyama yao ningeikataa? Nyumbani nikampekua mabawa, nikamnusa mdomo. Sikuona kitu.

Sasa kuku anataga. Mke wangu anakaanga mayai na kuwasifu Walutheri. Mie nakula, lakini kila nikisikia hodi, najua wamekuja kumdai kuku wao.